Jiwe Kwenye Foleni

Alishuka kwenye lori la salfa, Newala, mwaka wa themanini na sita,
vumbi la njano mpaka kwenye kope.
Watoto wakamkimbilia: Mchina! Mchina wa reli!
Reli gani, na ile yetu ya karanga iling'olewa kitambo,
mataruma yake tumeezekea vyoo?

Akajibu kwa Kiswahili cha kitabuni, neno baada ya neno:
"Mimi si wa reli. Mimi ni wa Stokitoni, Kalifonia.
Baba yangu alikuwa dobi."

Hazeli Yeung. Jina la kokwa, alisema,
ya miti ya nchi za baridi.
Basi ni korosho ya kwenu, tukamaliza,
akawa Mama Korosho mpaka siku aliyoondoka.

Mimi Somoe binti Nang'anda, karani wa chama cha msingi,
nilipewa kumwonyesha choo, soko, na mahali pa maji.
Mengine alinisimulia mwenyewe, vipande vipande,
tukimenya ming'oko.

Kwamba dukani kwa baba yake mashati yalikuwa mia tatu
na yote meupe.
Kwamba baba hakuweza kusoma majina ya Wazungu,
akaandika kwenye tiketi alichokiona:
Pua ndefu. Kikohozi. Anadaiwa.
Kwamba yeye, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyetumwa nyuma ya pazia
kuleta shati kabla mteja hajakohoa mara ya pili.

"Kazi yangu yote," alisema, "ni lile pazia."

Zikaja mashine kubwa kama ghala, zenye joto la tanuri,
na yeye mwanamke peke yake kwenye zamu ya usiku
akizifundisha zisipekue rafu zote:
jina la kitu lenyewe likwambie kilipowekwa.
Andiko likachapwa na majina ya wanaume watatu.
Lake lilikuwa la nne.
Nikauliza, la nne liliandikwa wapi?
Akatema ganda la mng'oko. Hakujibu.

Siku ya maji nikampeleka bombani, saa mbili asubuhi.
Watu hawakuwepo. Foleni ilikuwepo:
ndoo, dumu lisilo kifuniko, kata, kandambili moja ya bluu,
na mawe, mawe mengi,
kila moja limekaa mahali pa mwenyewe
aliyekwenda zake shambani kupalilia.
Nikamwambia: lile la madoa ni la mama Akwilombe.
Hili bapa ni langu.
Jiwe si mtu, lakini ukilisogeza umemsogeza mtu,
na utapigwa.

Akachuchumaa ghafla. Nikadhani kizunguzungu.
Kumbe anacheka, machozi yanachora mistari kwenye vumbi.
"Miaka kumi na moja," akasema. "Ilinichukua miaka kumi na moja
kuieleza mashine jambo hili."

Shuleni kulikuwa na kompyuta moja, inakula betri ya lori.
Wiki ya kwanza hakuiwasha.
Aliwatoa wasichana uwanjani, kila mmoja na jiwe lake,
wapangane, watafutane, wapotezane.
Mkuu wa shule akauliza kama hiyo ndiyo sayansi ya Amerika.
"Hapana," akasema, "ni ya bombani kwenu."

Barua ya mpwa wake ilichukua miezi mitano kupanda hadi huku.
Alikufa usingizini. Ndani ya bahasha, tiketi ya dobi,
karatasi imegeuka rangi ya chai.
Sijui Kichina.
Sijui kama inasema pua ndefu, au inanidai.

Msimu huu, ghalani, kijana wa mizani alibonyeza namba yangu
na jina likaruka kiooni
kabla sijakohoa mara ya pili.
Unajua ni nani aliyelileta?
"Mtandao, bibi."

Halafu mtandao wenyewe ukakata.
Watu wakaguna, wakaanza kusukumana mlangoni.
Nikatoka nje, nikaokota jiwe, bapa,
nikaliweka juu ya meza yake, katikati ya stakabadhi.
"Huyo ni mimi," nikamwambia.
"Naenda kunywa chai."