Mzigo Usio na Risiti

Saa nne kasorobo usiku, stendi ya Kisumu.
Injini inanguruma, sijagusa gia.
Nangoja breki zijae upepo,
mshale wa geji upande taratibu
kama mdaiwa anayekwenda kulipa.

Hapo ndipo hufika Mama Oduol,
leso kiunoni, magamba yamemkaukia vidoleni,
na ndoo ya njano iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia,
kifuniko kimekazwa kwa kamba ya nailoni.
Haiendi ofisini kupimwa, haiandikiwi risiti.
Huipitisha dirishani kwangu:
"Shiundu, ya mtoto."
Mtoto ana miaka thelathini na minne.

Miaka sita nimeibeba ndoo hiyo
nyuma ya kiti changu, kando ya kizimamoto.
Omena wakavu, siku nyingine njugu.
Abiria wa kiti cha kwanza hufungua dirisha
kabla hatujafika Ahero.
Chelule, utingo wangu, huwaambia
hiyo ni harufu ya karo,
imesomesha wengi.

Kericho nashuka kunywa chai, nanyoosha mgongo
uliokwisha kuchukua umbo la kiti.
Londiani, ukungu. Hapo siendeshi kwa macho;
naendesha kwa makalio, kwa nyayo,
kwa ule mstari mweupe unaojitokeza na kufutika,
na nyuma yangu watu hamsini na wawili
wamelala vinywa wazi,
wakiniamini kuliko wanavyowaamini waume zao.
Sachangwan sithubutu gia ya juu.
Mteremko ule nimeona unachobakiza:
kiatu kimoja kimoja.

Nakuru, saa nane.
Ng'ambo ya kituo cha petroli kuna ghala la mahindi
na Oduol ndiye mlinzi wake. Koti refu, tochi,
huvuka barabara bila kutazama kushoto,
hunirudishia ndoo ya mwezi uliopita,
chafu, vichwa vya omena vimegandia chini,
huchukua iliyojaa.
"Mwambie niko."
Basi. Nami neno hilo hulirudisha Kisumu,
halilipi nauli.

Mwezi wa tatu koti lilivuka barabara
likiwa na mtu mwingine ndani.
Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko mikono ya koti.
"Oduol? Aliondoka tu. Hakuaga.
Hata mshahara wa mwisho hajaufuata."
Nyuma yangu honi, abiria wananung'unika,
mimi na ndoo mapajani.

Ningefanyaje? Dereva kazi yake ni kufikisha.
Nikampa yule kijana. Alikuwa mwembamba.
Mwezi uliofuata nikampa tena.
Ndoo tupu naiosha mwenyewe
kwenye bomba la kituo cha petroli, kwa sabuni ya unga.
Maji ya Nakuru usiku huo yanauma hadi mifupani.
Naisugua kana kwamba uwongo una mafuta.
Kisumu nasema, "Yuko,"
nikitazama kioo cha pembeni.

Juzi Mama Oduol hakuja dirishani.
Alizunguka mlangoni, akapanda vidato vyote vitatu,
akaichukua ile tupu, akainusa ndani.
Akainusa tena.
Mshale wa geji ulikuwa umeshafika.
"Shiundu, huyu nimemlea mimi.
Hajaosha chombo tangu nimzae."

Nilitafuta neno, nikashika usukani.

Akafunga fundo la ndoo iliyojaa,
akalikaza kwa meno.
"Huyo anayeosha,
mwambie safari hii nimepunguza chumvi.
Na wewe, Londiani uende polepole."
Akashuka.

Chelule akagonga bodi mara mbili.
Nikaachia breki, upepo ukatoka,
ile pumzi ndefu
ambayo abiria hudhani ni ya gari.