Mgema wa Chumba cha Kufulia

Bei ya kreti ilipopanda mara ya tatu mwaka huo,
na kiwanda kikatukata zamu mbili kwa wiki,
nilinunua kopo moja la shira ya kimea,
rafu ya chini kabisa, baina ya sukari na chakula cha paka.
Dola kumi na nne. Hamira imefichwa chini ya mfuniko
kama pesa iliyofungwa pindoni.

Ilikuwa Julai, Burnie, baridi ya Tasmania
ipitayo chini ya mlango bila hodi.
Nikalaza kopo kwenye sinki la maji ya moto
hadi shira ikalegea, ikashuka
nyeusi, nzito, kama mtu asiyetaka kuhama nyumba.
Maelekezo yalisema kilo nzima ya sukari.
Nikatia nusu. Daktari alishanionya kuhusu ini,
na mfuko ulinionya kabla ya daktari.
Halafu maji ya bomba, hadi lita ishirini na tatu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mimi nililitia maji
hata kabla ya kupata wa kunisifu.

Nikaivisha ndoo begi la kulalia la Bronte
(yeye yuko Melbourne, anasema chumba chake kina joto),
nikaiweka kando ya mashine ya kufulia,
nikangoja.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, saa tisa usiku, kizibo cha maji kikasema
bup.
Nikakaa sakafuni na soksi zangu mbili mbili.
Bup.
Nyumba nzima hapakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Athol Scurrah wa jirani, mpishi wa pombe wa miaka thelathini,
alisimama mlangoni, hakuingia.
"Usifungue," alisema. "Kila ukichungulia, unaialika siki."
Alipoondoka nikachungulia.
Povu la rangi ya mchanga, na harufu…
sijui niseme nini. Harufu ya kitu kinachofanya kazi.

Glenys alikuwa zamu ya usiku, makao ya wazee,
akigeuza miili mizito ubavu hadi ubavu.
Tulionana mlangoni, yeye akivua viatu, mimi nikivaa.
Mengine yote tuliandikiana kwenye friji:
Nyama imo ndani.
Bili ya umeme!
Ndoo yako inanuka mkate.
Karatasi hiyo ya tatu niliiweka mfukoni.

Kipimo cha kioo kiliganda 1006 Jumatano,
1006 Ijumaa. Jumamosi, saa moja asubuhi,
alinikuta nimezungukwa na chupa thelathini.
Hakwenda kulala. Aliketi na sare yake,
mimi nikamimina, yeye akabana vizibo,
kijiko cha sukari kila chupa, mkono baada ya mkono,
na akanisimulia habari za mzee Penhallow, chumba cha tisa,
ambaye kila jioni huagiza bia
na kila jioni huletewa juisi ya machungwa.

Wiki mbili baadaye Athol alionja kwanza.
"Nimeoshea gari kwa kitu kikali kuliko hiki," akasema,
akaondoka na chupa tatu.
Asilimia tatu. Senti sitini chupa, ukisahau umeme.
Rangi ya majani makavu; uchungu kidogo, mwishoni,
kama mtu aliyekumbuka neno akiwa ameshafika getini.

Usiku huo Glenys alitia chupa moja ndani ya soksi,
soksi ndani ya mkoba. Sikuuliza.
(Muuguzi mkuu, nilisikia baadaye,
alipata ghafla jambo la kutazama dirishani.)
Asubuhi alikuwa amelala nilipoamka.
Kwenye friji, kwa mwandiko wake wa kuchoka:

Penhallow anasema umeitia maji.
Ameimaliza.
Anauliza kesho.