Liliuma Lini Kwanza

Lori lilizimika kwenye mpando wa Ala-Bel,
mita elfu tatu juu ya watu wote wanaonidai,
na nyuma masanduku mia mbili ya aprikoti za Batken
zilizokataa kusubiri soko.

Mvuke ulitoka puani mwa boneti.
Nikapiga starta: ikazunguka, ikazunguka,
kama mlevi apapasaye mlango wa nyumba isiyo yake.
Haikushika.

"Gasketi ya silinda hedi," nikasema. "Tumekwisha."
Na kichwani nikaanza kuuza kondoo:
yule wa pembe moja, wale pacha,
halafu baiskeli ya mtoto.

Aizada akashuka upande wake.
Tangu Toktogul hatukuwa tumesemezana.
Mke wangu hung'oa meno katika zahanati ya Kara-Suu.
Injini haijui, ila anajua maumivu yanavyodanganya:
mtu hushika taya la kushoto, jino bovu liko kulia.

"Liliuma lini kwanza?"
"Hapa hapa. Ghafla."
Akanitazama anavyowatazama
wale waapao kwamba hupiga mswaki kila usiku.

Nilipoukaribia mfuniko wa rejeta akanishika mkono.
"Jipu bichi halitumbuliwi."
Tukangoja. Chuma kilinong'ona tik, tik,
kikirudia ukubwa wake.
Akala aprikoti tatu. Hakunipa hata moja.

"Sasa oili."
Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena.
"Maji yakiingia humo, huwaje?"
"Huwa kama chai ya maziwa."
Akainama, akanusa.
"Hii ni ya rangi. Endelea."

Nikafungua plagi, zote nane.
Akazipanga kwenye leso kwa jinsi zilivyokaa,
safu mbili, juu na chini,
akapitisha ukucha katika kila pengo.
"Kavu."
"Afadhali," nikasema, "hakuna maji."
"Na petroli je? Umezungusha mpaka betri inalia,
na hakuna hata moja iliyolowa."

Hapo nilinyamaza.

Nikaziba tundu la silinda kwa kidole gumba, tundu baada ya tundu,
naye akapiga starta.
Kila mara kidole kilirushwa kwa hasira.
Kumbe kifua ni kizima. Koo ndilo lililokauka.
Nikashika pampu ya petroli, nikaachia upesi:
mafuta yalikuwa yamechemka humo ndani,
yamekuwa pumzi tupu,
na pampu ilikuwa inatafuna pumzi.

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua,
akakisokota katika theluji ya ukingoni
na kuifunga pampu kama mtu mwenye homa.
Nywele zake zilipeperuka. Zina mvi mbili ambazo sikuzijua.

"Kitambaa kinatuliza tu," akasema. "Hakitibu.
Liliuma lini kwanza?"

Nikatazama barabara tuliyotoka.
"Kule bondeni Chychkan, darajani.
Mshale uliingia kwenye nyekundu."
"Kilomita ngapi?"
"Ishirini. Na ushei."
"Na hukusema."
"Ningesema, ungeniambia nisimame.
Ningesimama, tungeanza tena habari ya nyumba ya mama."

Hakujibu. Alikuwa ameushika mkanda wa feni
kwa vidole viwili,
nao ulikuwa umelegea, unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nikaukaza kwa mtaimbo, nikajaza maji ya theluji,
nikarudisha plagi kwa mpangilio wake.
Mara ya kwanza, kikohozi.
Mara ya pili, kikohozi kirefu na moshi.
Mara ya tatu lori la baba yake, GAZ ya mwaka sabini na nane,
likaunguruma hadi mawe madogo yakateremka.

Alipanda bila kutabasamu.
Akaweka kidole juu ya kioo cha geji
akakiacha hapo, kona baada ya kona.

Karibu na kilele
aprikoti moja, vuguvugu, ikasimama mbele ya midomo yangu.
"Fungua," akasema.