Mzigo wa Herufi

Siku ya kwanza, kanisani.
Katekista Erifazi alifunua kitabu kwa ncha za vidole
kama anayemfungua mgonjwa bandeji.
Mchwa walikuwa wametutangulia: wamekula Pasaka nzima ya mwaka ule,
wakawaacha waliobatizwa Krismasi.
Na hapo, kati ya Yokana na Yonasani,
kwa wino uliofifia ukawa rangi ya chai kavu:
*Sedulaka Muyambi. Mtu mzima. Kwao: Pwani.*

Baba wa babu yangu hakuiona Pwani hata kwa ndoto.
Alikuwa Mnyamwezi, Mihambo mwana wa Lugendo,
lakini yeyote aliyetoka kusini mwa ziwa akijua Kiswahili
karani alimtupa Pwani, akafunga kitabu, akaenda kula.
Na Mihambo, katika sikio lisilomjua, akawa Muyambi:
msaidizi, kwa lugha ya wenyeji.
Labda alicheka.
Labda ndiyo kazi waliyompa.

Kwetu Jinja tulisimuliwa hivi:
alikuja na msafara, mzigo namba arobaini na moja,
sanduku la herufi za risasi za mtambo wa kuchapia.
Miezi mitatu alibeba alfabeti nzima kichwani
na hakujua hata A.
Shangazi Tezira akifika hapo hujigonga utosi, ko, ko,
kutuonyesha mahali nywele zilipokataa kuota.

Siku ya pili, ofisi ya ardhi Mityana.
Nikalipa ada, nikasubiri, nikalipa ada isiyo na risiti.
Bloku, ploti, ekari kumi na moja za mailo,
na pahali pa saini, dole gumba.
Niliweka langu juu ya plastiki, juu ya lake.
Halikulingana. Lake pana, na kovu limekata mistari
kama njia ya mkato inayopita shamba la mtu.

Nyuma ya hati, kwa pini yenye kutu, mirathi:
*Baiskeli moja, haina mnyororo. Blanketi mbili.
Kahawa, mashina mia mbili na sita.
Deni dukani, shilingi tisa.
Mke wa ndoa, Losira: nyumba na shamba.
Mwanamke mwingine: sufuria.*

Nilisoma mstari huo nimesimama,
kisha nikaomba kiti.
Mwingine huyo ndiye aliyemzaa babu yangu.
Nalumansi. Jina tunalo sisi;
serikali iliandika sufuria.
Na sufuria hiyo nimeilia uji. Ilipotoboka
Shangazi alipanda vitunguu ndani yake.

Siku ya tatu nikaenda kwenye ploti yenyewe.
Mbwa kwanza, halafu watoto, halafu mama mmoja, Kevina,
simu sikioni, akimwita mwenyekiti wa kijiji.
Nikasema sitaki ardhi, natafuta mtu.
"Wenye karatasi," akasema, "hawaji kwa salamu."
Ana haki. Amezika watoto wawili pale.
Ameona wenye hati watatu,
na kila mmoja alianza kwa kutabasamu.
Nikampa fotokopi zote azishike yeye.
Akazigeuza juu chini, akazikunja,
akazichomeka kwenye mshipi wa gomesi.

Mwenyekiti akafika na pikipiki.
Akauliza kabila, akauliza kanisa, akauliza nimefika lini.
Juzi, nikasema.
Kimya. Kuku wakapita katikati yetu.
Kisha Kevina akaelekeza kidevu kwenye kahawa:
kuna kaburi kule. Tulilikuta.
Mama mkwe alilipalilia, nami nalipalilia
nikipata nafasi. Hatujui la nani.
Tunaliita la Mgeni.

Magugu yalifika magotini.
Nilitaka kusema kitu, nikakosa herufi.
Kevina akaniangalia viatu, akaniangalia mikono,
akahesabu kwa vidole, juzi, jana, leo,
akaingia ndani,
akatoka na jembe.