Daftari Moja

Mteja wa Ilazo alishindwa kunilipa fedha ya pampu,
akanilipa bahari: lita mia mbili na arobaini,
kioo chenye ufa uliozibwa kwa silikoni,
matumbawe matatu, kila moja kama kidole gumba,
na samaki wa rangi ya chungwa aliyenitazama
kama mtu anayenidai.

Nikaileta Nkuhungu kwa guta, maji nusu,
vumbi la Agosti likitusindikiza hadi mlangoni.
Mbeleje, mke wangu, akauliza tunamkaanga lini.

Maji ya bomba hapa yanatoka chini, Mzakwe.
Yamelala na mawe hata yakashika tabia za mawe;
birika letu lina ukoko ndani kama jino bovu.
Nayachuja usiku kucha, tone, tone:
ndoo tatu za kwanza ni za mchicha,
moja ndiyo ya bahari.

Na upepo wa Dodoma hunywa maji, haunywi chumvi.
Ukiamka kina kimeshuka upana wa kidole
na kilichobaki kimekuwa kikali.
Usijazie ya chumvi. Jazia matamu,
kidogo, leo, na kesho tena.
Hilo nililijua kwa kuuliza.

Lililofuata nililijua kwa hasara.

Nyemo, binti yetu, ana sukari tangu darasa la tatu.
Saa kumi na mbili asubuhi anajichoma kidole;
mimi nahesabu matone kwenye kichupa,
buluu, buluu, buluu bado,
mpaka moja ligeuze yote njano.
Yangu ni nane. Yake saba nukta mbili.
Tunaandika katika daftari moja,
kushoto damu, kulia bahari,
maana kalamu ni moja na meza ni hiyo hiyo.

Mwezi wa tisa bahari ilishuka mpaka tano.
Nikaingiwa na hofu, nikakoroga magadi kikombe kizima,
nikamwaga.
Maji yakawa togwa.
Kabla ya jioni tumbawe la zambarau
lilikuwa limevua nyama yake, limebaki mfupa.

Nyemo alisimama pale na sare ya shule.
"Baba, umefanya kama mimi siku ya kipaimara."
Siku ile sukari ilimshuka katikati ya sherehe,
akanywa soda, akaogopa, akanywa ya pili, ya tatu,
mpaka usiku mashine ikaishiwa namba.
Sista Msonjela wa kliniki hakumgombeza.
Alisema tu: usiikimbize namba, mwanangu,
tazama inaelekea wapi.
Nilikuwepo. Nilidhani anaongea na mtoto.

Sasa natia magadi robo kijiko,
nayayeyusha pembeni, nayadondosha karibu na pampu,
halafu nakaa juu ya mikono yangu.
Kukaa ndiyo kazi ngumu. Mimi ni fundi;
kitu kikiharibika, nafungua.

Jumamosi umeme ulikatika saa mbili usiku.
Insulini tuliihamishia kwenye chungu, gunia bichi juu yake,
kama tulivyozoea.
Bahari haikuwa na chungu.
Betri ya pikipiki ilikufa saa sita,
na Mbeleje, yule yule wa kukaanga,
akachukua kata akaanza kuchota na kumwaga kutoka juu,
maji yapate pumzi,
kata baada ya kata, khanga imelowa hadi kiunoni,
akiyatukana maji kwa Kigogo, taratibu, bila kusimama.
Nilimpokea saa nane. Alinipokea saa kumi.

Kulipokucha Nyemo alipima, akaandika, akakimbilia ibada.
Nimefungua daftari, kona yake imelowa.
Kwa haraka amekosea upande:
saba nukta tisa imekaa kulia, kwenye bahari.

Nimehesabu matone yangu.
Sijafuta. Nimeandika yangu kushoto.
Ndoo ya tatu imejaa, naipeleka kwenye mchicha.