Majivu ya Miwa

Mwezi wa saba, upepo ukipanda kutoka Langasani,
huleta majivu ya miwa mpaka kwetu Pasua,
vipande vyeusi, vyepesi, kama nyuzi zilizoungua.
Vinatua juu ya shela ya bibi harusi niliyoianika.
Nakung'uta. Sifuti; ukifuta yanachora.
Halafu, kwani nani ananiona,
nalamba kidole.

Hayana utamu. Najua hayana.
Nilikulia huko kambini, baba akikata miwa kwa zamu,
akirudi mweusi tii, meno tu ndiyo meupe,
na mfukoni pingili moja kwa kila mtoto.
Tulitafuna mpaka pembe za mdomo zikachanika.

Sasa tumbo langu ni kikombe cha kahawa,
kile kidogo kisicho na mkono.
Daktari alikata, akashona.
Nilimuuliza: mshono gani?
Akacheka. Sikuwa natania.
Mimi ni fundi, nataka kujua nimepindwaje.

Wiki za kwanza nilikunywa mtori uliochujwa
kama mzazi. Mama mkwe alileta chupa,
akachungulia kitandani kwa mazoea:
hapakuwa na mtoto. Nilikuwepo mimi tu
na mpira wa dripu.

Kilo arobaini na moja zimeondoka.
Hazikuaga. Mtaa ukazitafuta:
Aikande anaumwa nini?
Wengine walishanipima kwa macho, wakanizika.
Mmoja alikuja na sala, na sukari kilo mbili,
"uongeze damu, mama."
Niliziweka juu ya kabati, nyuma ya cherehani mbovu,
nikazipa mgongo.
Usiku najua zilipo
kama ulimi unavyojua jino lililotoboka.

Maana walipasua tumbo. Ulimi waliuacha.
Hawakumgusa yule mtoto wa kambini
anayekaa nyuma ya meno yangu, mikono inanata,
anayeuliza kila ikifika saa kumi:
baba amerudi?

Jumamosi, kipaimara cha mtoto wa kaka yangu Ndelilio.
Keki nyeupe, ghorofa tatu.
Kipande cha kwanza kilikuwa cha picha.
Cha pili, cha adabu.
Cha tatu sikukipa jina.

Dakika ishirini hazikuisha.
Moyo ukakimbia kama mashine iliyokwama kanyagio,
jasho, masikio yakaziba,
nikajikuta sakafuni, choo cha wageni,
shavu juu ya vigae vya baridi,
huku nje mshereheshaji anaita:
shangazi wa mtoto yuko wapi, aje na zawadi?
Shangazi yuko hapa. Shangazi anahesabu vigae.
Kumi na vinne, na kimoja kimevunjika.

Niliona aibu, ndiyo.
Lakini lililonitisha ni jingine:
hata pale chini, na gauni limelowa,
nilikuwa bado naitafuta krimu
kwenye kona ya mdomo.

Jumapili sikwenda ibadani.
Nilichemsha yai moja, nikaligawa mara nane,
nikatafuna kila kipande kama ninayesoma barua ya mahakama.
Daftari la kliniki lina safu ya makosa.
Nimeandika: keki, tatu.
Mara ya kwanza niliandika moja. Nikaikata.

Mwanafunzi wangu Ndeshi akikosea mshono
huwa namwambia, fumua, usilie, kitambaa hakina kinyongo.
Jumatatu alinirudishia maneno hayo hayo,
sindano mdomoni, bila kuinua kichwa.
Sikumpenda siku nzima.

Jioni nikapanda kiti, nikashusha sukari.
"Chukua, mpelekee mama yako."
Amebeba mfuko mmoja.
Mmoja umebaki. Sitasema uongo hapa pia:
mmoja umebaki, nami ndiye niliyesema
mikono yake imejaa.

Upepo umegeuka tena.
Shela inasubiri kamba ya juu, harusi ni keshokutwa.
Nakung'uta, nakung'uta.
Kidole nakifuta kwenye aproni.
Leo.