Kubeba

Daftari ni la kurasa tisini na sita,
jalada lina doa la mafuta ya viazi karai.
Nalilinunua Kongowea, mtoto ana siku nne,
kwa shilingi ambazo sikuziandika
maana sikuwa na pa kuziandikia.

Ukurasa wa kwanza mwandiko umetulia.
Hospitali, elfu tatu. Leso ya kumpokelea, mia tano.
Tuktuk ya usiku hadi Mishomoroni, mia nne:
dereva alitaka sita, akaniona ninavyoketi kwa ubavu,
akanyamaza.

Halafu nepi.
Nepi, nepi, nepi, mwezi mzima neno moja,
kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.
Bomba la pumu, mia nane, kila mvua za Mei.
Maji, mitungi mitatu badala ya miwili.
Ada ya chuoni: maalim alisema lete hamsini
na sahani ya viazi Alhamisi.
Sahani sikuitia bei.

Safu ya kulia ni ya kilichoingia.
Baba yake yumo mara nne.
Mara ya mwisho wino ni wa kijani.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Sawa. Lakini waliosema
hawakutwambia ni pesa ngapi.

Jana usiku, karai limeshaoshwa,
nikakaa kujumlisha ya muhula mpya.
Vitabu mia saba, viatu mia sita,
sare, mtihani, ufagio wa shule
(shule ina fagio ngapi sasa, Mola wangu?).
Mejumaa akaja na penseli yake fupi,
akaegemea bega langu, ananuka sabuni.
"Mama, hapa ushakosea.
Saba na sita ni kumi na tatu.
Waandika tatu. Moja wabeba.
Wewe umesahau kubeba."

Mimi?
Mimi nimesahau kubeba?
Nikacheka hata Bi Zamzam akagonga ukuta.
Miezi tisa na siku kumi na moja,
kisha mgongoni, beseni kichwani,
jua la saa saba hadi Daraja la Nyali na kurudi,
kisha kiunoni, miguu yake imeshafika magotini mwangu
na bado analia hataki kushuka.

Akanisubiri nimalize.
Hakuona cha kuchekesha.
Akaandika kimoja kidogo juu ya safu,
akajumlisha upya, midomo ikichezacheza,
na deni langu likapanda elfu nzima.

Nikaangalia. Ni kweli.

Basi nikaandika: penseli mpya, kumi.
Na kule kulia, chini ya wino wa kijani,
nikaandika jina lake,
pahali pa pesa nikapaacha wazi.

"Na hapa? Hapa waandika ngapi?"

Nikamwambia alale.
Saa kumi tunaamka kumenya viazi.